Sufuria Moja, Wagonjwa Saba

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa nimeshika birika la chai.

Vikombe viwili nilikuwa nimeshavijaza. Kwenye benchi la sebuleni kwangu, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya barabara pale Karatu, walikuwa wamekaa wanaume sita wa rika la mume wangu, mashuka mabegani na virungu magotini. Walikuwa wametoka pande za Arash kuja mnadani, na kwao mwanamume hapiti karibu na nyumba ya mwanarika mwenzake bila kuingia akanywa kitu. Mume wangu mwenyewe alikuwa kazini. Wale wageni walinisifia mtoto, wakasifia chai kabla hawajaionja, kisha yule mrefu kuliko wote akakohoa kidogo na kusema:

"Shemeji, zile rangi mbili zimebaki?"

Rangi mbili ndivyo tulivyoziita zile kapsuli za hospitali, nusu rangi hii, nusu rangi ile. Kila mtu alizijua na kila mtu aliziheshimu.

"Rangi mbili zipi?" nikauliza.

"Za mumeo. Zile tulizotia kwenye supu kule porini. Goti langu tangu siku ile limetulia kabisa."

"Na mimi mgongo," akasema wa pili.

"Mke wetu, hata chache tu," akasema wa tatu, na kunyoosha kiganja kama mtu anayeomba ugoro.

Nilichukua vile vikombe viwili, nikairudisha chai yake birikani, kimoja baada ya kingine, bila kumwaga tone. Kisha nikaenda na birika jikoni na kufunga mlango. Wanaume sita walibaki wanatazama meza tupu iliyo mbele yao.

Nimelelewa nikaleleka. Najua kwamba kumnyang'anya mgeni chai ni tusi lisilohitaji maneno. Anayetaka kujua kwa nini nililitenda, itabidi nimwanzie kwenye makalio ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa greda. Kazi yake ilikuwa kuikwangua barabara ya mlimani, ile inayopanda kwenda Ngorongoro, ambayo mvua huitafuna na magari huimaliza. Greda halina huruma kwa anayelikalia. Jioni mtu anarudi nyumbani amekaa kwenye kiti cha kawaida na bado anatetemeka. Tulikuwa na mwaka wa pili katika ndoa na binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anashika ukuta, pale nilipoona kwamba baba yake anakula akiwa amesimama.

"Kaa ule," nikamwambia.

"Nimekaa kutwa nzima."

Akikaa, alikalia kalio moja. Akichoka nalo, anahamia la pili, kama kuku anayebadilisha mguu kwenye baridi. Haja ndogo alikuwa akienda, anarudi, hajafika mlangoni anageuka tena. Na mambo mengine ya ndani ya nyumba, ambayo mwanamke aliyesoma hadi kidato cha nne anajua kuyaandika lakini hayaandiki, yalimalizika kwa yeye kukunja uso na mimi kutazama dari. Maumivu yalikuwa chini ya kitovu, kwenye kinena, na kule nyuma zaidi, mahali ambapo hakuwa na jina lake la heshima katika lugha yoyote kati ya tatu alizozijua. Miezi ikapita hivyo. Mwanamume wa Kimaasai aliyekabili simba akiwa kijana hawezi kwenda kumwambia mtu kwamba anaumwa pale anapokalia.

Nilimpeleka mimi. Mganga wa dispensari ya kwanza tuliyoingia hakunyanyua kichwa. Alisikia neno "dereva", akasikia neno "mkojo", akaandika. Ugonjwa wa barabarani, akasema, na dawa yake ni sindano siku tano, bwana na bibi. Nikamwuliza bibi amefanya nini. Akasema hiyo ndiyo dawa. Kwa siku tano tulikwenda pamoja, tukarudi pamoja, na siku hizo tano nyumba yetu ilikuwa na watu wawili wanaokula wamesimama. Yeye hakupona. Mimi, niliyekuwa sina ugonjwa, sikuwa na cha kupona.

Lakini habari ilishafika kwa baba mkwe, kule kwenye boma lao upande wa Piyaya, na ilipofika ilikuwa imeshanenepa njiani. Mtoto wa Kimaasai ameoa Mmbulu, kamwoa mjini, mke mwenyewe kasoma mpaka shule za mabweni, na sasa mume anaumwa ugonjwa wa mapajani. Hesabu ya namna hiyo haihitaji kalamu. Mzee akaja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti hata mara moja, na ndiyo maana nilimwogopa.

"Binti yangu," akasema, "mvua za masika zikiisha naye hajapona, utakwenda kwa baba yako upumzike."

"Nitapumzika mpaka lini, baba?"

"Mpaka tuone."

"Na mtoto?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama niliyemwuliza kama mlima utabaki. "Mtoto ni wa boma," akasema.

Basi. Hapo ndipo ugonjwa wa mume wangu ulipokuwa wangu. Nilikuwa na masika moja ya kumponya mtu, au nitengane na binti yangu ambaye alikuwa bado hajajua kusema "mama" vizuri.

Mwalimu wetu wa bayolojia kidato cha tatu alikuwa na msemo mmoja tu wa maana: ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, umejidanganya mara mbili. Nikatoa daftari la mistari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika MITISHAMBA. Kulia nikaandika HOSPITALI. Kila jioni nilimwandika mume wangu pale bila yeye kujua: ametoka nje mara ngapi kabla ya kulala, na wakati wa chakula amekalia makalio mangapi. Moja au mawili. Sikuona haja ya kipimo kingine. Mpaka leo nasema kipimo kile kilikuwa sahihi.

Upande wa hospitali ulianza. Tulipanda basi kwenda hospitali kubwa, tukamkuta daktari mtu mzima, mwenye subira na vidole virefu. Nilibaki barazani na mtoto. Mume wangu aliingia mrefu, akatoka mfupi. Basi lilipoanza kuteremka kuja Karatu ndipo alipofungua mdomo.

"Yule si daktari wa watu."

"Ni wa nini?"

"Hivyo alivyonipima mimi ndivyo bwana mifugo anavyopima ng'ombe kama ana mimba."

"Na unayo?"

Akageukia dirishani. Nilicheka mpaka mtoto naye akacheka, maskini, bila kujua anamcheka baba yake.

Baadaye alinieleza kidogokidogo, kama mtu anayelipa faini. Kuna tezi ndani ya mwanamume, chini ya kibofu, ukubwa wake kama ndulele. Ya kwake imevimba. Huenda kuna vijidudu vimejificha humo, huenda hakuna, ni misuli ya kule chini iliyokaza kwa kukalia chuma kinachotikisika. Vijidudu vikiwa humo vinatoka kwa taabu, ndiyo maana dawa ni wiki sita, rangi mbili moja mara nne kwa siku, bila kuruka. Na si ugonjwa wa kupewa na mke.

"Hilo la mwisho kasema au umeongeza?"

"Kasema."

"Kaandika?"

Hakuandika.

Tulipewa dawa za nusu ya muda, kwa kuwa miaka ile dawa zilikuwa kama sabuni, unapewa kilichopo. Mume wangu akameza. Wiki ya kwanza daftari likasema kalio moja. Ya pili, kalio moja. Ya tatu, siku mbili makalio mawili, kisha kalio moja tena. Niliona aibu kwa niaba ya sayansi.

Nilikwenda mwenyewe kuchukua nusu ya pili. Daktari alisoma daftari langu kuanzia ukurasa wa kwanza, akauma mdomo asicheke, kisha akauliza: "Anameza na nini?"

"Na maziwa. Mgando. Kikombe kimoja kila kapsuli."

Daktari akaweka daftari chini. "Mama, nilimwambia kwa mdomo wangu. Dawa hii na maziwa havikai pamoja. Maziwa yanaikamata, inapita tumboni bure."

Nilirudi nyumbani ninawaka. "Alikwambia usinywe na maziwa?"

"Alisema," akakiri mume wangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani hapendi Wamaasai."

Alikuwa anasema kweli. Mtu ameambiwa aache maziwa, akaona huo si ushauri wa dawa, ni siasa. Wiki tatu za dawa zilikuwa zimeingia kwenye mgando na kutokea upande wa pili. Nikaandika upande wa HOSPITALI: *haijajaribiwa*.

Nilikuwa tayari kuanza upya na maji. Lakini mvua zilikuwa zimeshaanza, na baba mkwe akatuma ujumbe: hospitali imepata zamu yake, sasa ni zamu ya miti. Nikafikiri. Nikaona ni haki, na nilitaka kumwonyesha yule mzee kwamba mimi si mtu wa upande mmoja. Nusu ya pili ya kapsuli nikaifungia ndani ya kopo, kopo ndani ya sanduku la bati, nikatulia. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Miti nayo ilikuwa na waganga wawili. Wa kwanza alikuwa mwenye duka pale mjini, mzee wa Kiislamu aliyeuza kila kitu kuanzia misumari hadi ubani, na ambaye pia alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alitupimia habasoda na mbegu za maboga, akasema babu yake alikojoa kama kijana mpaka anazikwa. Mume wangu alitafuna zile mbegu siku nne, akasema zinafaa kuku, akaacha.

Wa pili ndio wenyewe: rika lake. Walikuja kumchukua akiwa likizo, wakaenda orpul. Kwa asiyejua, orpul ni kambi ya nyama. Wanaume wanaingia porini na ng'ombe, wanachinja, wanachemsha supu kwa magome na mizizi, na wanakaa huko wakila na kunywa mpaka nyama iishe. Gome la mkiloriti ndilo mfalme wa sufuria ile. Chungu, jekundu, linachemsha damu. Mwanamke hafiki. Nyama ile akiitazama tu imeharibika. Kwa hiyo nilikuwa na jaribio linalofanyika mahali nisiporuhusiwa kuangalia, na nilipaswa kuamini.

Alirudi baada ya wiki mbili uso unang'aa kama kibuyu kilichopakwa samli. Shingo imejaa. Akaja mezani, akavuta kiti, akakaa. Makalio mawili. Kesho yake mawili. Keshokutwa mawili, na mengine yale niliyosema siyaandiki, nayo salama.

Niliandika upande wa MITISHAMBA kwa hasira. Nilikuwa nimeshabikia hospitali, sikufichi. Nimeumia miaka minne katika shule ya bweni kujifunza mapafu ya chura, halafu gome la mti linanishinda mbele ya baba mkwe. Lakini mume amepona, mtoto anabaki, nikaona bora nishindwe hivyo. Nilimtumia mzee salamu.

Salamu hazijafika, likizo ikaisha. Wiki moja juu ya greda, kalio moja. Wiki mbili, alikuwa anakula amesimama tena, na mvua zilikuwa zimeanza kuwa za mchana tu, zile za kuaga.

Ndipo nilipokata shauri kwa akili yangu mwenyewe. Nilipojifungua, mkunga alinikalisha kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni, na nilijua maji yale yalivyonifaa. Nikajiambia, kule chini ni kule chini. Nikachemsha maji, nikayatia katika karai la mtoto, nikamwita baba yake.

"Vua ukae humo."

"Humu?"

"Humo."

"Hili ni la mtoto."

"Mtoto amekubali."

Alikaa. Magoti yalimfika masikioni. Mtu aliyebeba mkuki, amezamisha kitako kwenye karai lenye maua ubavuni, na binti yake amesimama pembeni anamrushia kikombe cha plastiki, akidhani ni zamu yake ya kuogeshwa. Dakika kumi baadaye akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze balaa lile nikaona taya zake zimelegea.

"Ongeza moto kidogo," akasema.

Asubuhi alikunywa uji amekaa, makalio mawili. Sikujua pa kuliandika karai. Si mti, si hospitali. Nililiandika juu ya ule mstari wenyewe, katikati.

Sasa turudi kwenye birika.

Nilipofunga mlango wa jikoni nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati. Kopo lilikuwapo. Nikalitikisa, likalia vizuri kabisa, cheke cheke, kama linavyotakiwa kulia. Nikalifungua. Zilikuwa mbegu za maboga.

Nilikaa sakafuni nikazitazama. Aliiba kapsuli, akanijazia mbegu ili kopo liendelee kulia. Katika mambo yote aliyowahi kunifanyia mume wangu, hilo ndilo lililohitaji akili nyingi zaidi, na aliipata akili hiyo kwa ajili ya kunidanganya.

Nilirudi sebuleni. Wale sita walikuwa bado wamekaa, maana mgeni mwenye adabu hasusi chai, anaisubiri.

"Mlizitiaje kwenye supu?" nikawauliza.

Walifurahi kwamba nimetulia. Yule mrefu alinieleza kwa mikono. Kapsuli inafunguliwa hivi, ganda linatupwa, kwani ganda ni plastiki tu, ule unga unamwagwa sufuriani juu ya mkiloriti, unakoroga. Zote. Siku moja.

"Zote siku moja?"

"Dawa ya kuhesabu moja moja ni ya mtoto," akasema mwenye mgongo.

"Na mkanywa wangapi?"

"Saba, pamoja na mumeo."

"Ninyi sita mlikuwa mnaumwa nini?"

Wakatazamana. Mmoja goti, mmoja mgongo, wawili meno. Mmoja alisema yeye haumwi, lakini asingeacha wenzake wanywe peke yao. Na aliyekaa mwisho akalitupia jicho karai lililoegemea ukuta.

"Shemeji," akasema taratibu, "na lile karai, tunaweza kwenda nalo?"

Kumbe hilo nalo alishawahadithia.

Mume wangu aliporudi aliwakuta wamekwenda, bila chai. Mezani nilikuwa nimemwandalia sahani moja ya mbegu za maboga.

Hakubisha. Alikalia kalio moja akaeleza. Nilipomfungia zile kapsuli sandukuni roho ilimuuma, maana mgonjwa akijua dawa iko mahali na yeye yuko mahali pengine halali. Ufunguo alijua unapokaa; akazichukua akameze kwa siri kule porini. Lakini porini hakuna siri. Mtu wa rika hali peke yake, hanywi peke yake, hata maji. Walimwona mara ya kwanza anapeleka mkono mdomoni, wakamwuliza una nini.

"Ningefanya nini?" akaniuliza. "Nimeze peke yangu, wao wananitazama? Mimi ni fisi?"

Niseme ukweli, hapo nilimwelewa. Hata nilimpenda kidogo, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Maana daftari langu lote lilikuwa limekufa. Hospitali haikuwahi kujaribiwa: nusu iliharibiwa na maziwa, nusu iligawiwa magoti ya watu. Na miti haikujaribiwa yenyewe, kwa sababu ndani yake mlikuwa na hospitali. Na yale makalio mawili aliyorudi nayo, nani ayadai? Gome? Unga? Au ni kule kukaa wiki mbili chini ya mti bila kugusa greda? Mwalimu wangu wa bayolojia angelia machozi. Na kwa msingi wa ujinga huo, mvua ikikatika, mimi nitoke kwangu na mtoto abaki.

"Nitashtaki," nikasema.

"Utanishtaki mimi?"

"Wewe na rika."

"Rika halishtakiwi."

"Hatujajaribu," nikamwambia, na kwenda kutafuta karatasi ya kaboni kwa karani wa karakana.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kwa balozi. Alivaa miwani, akakunjua barua, akasoma mstari wa juu, akaniangalia juu ya miwani.

"Unalishtaki rika lote, mwanangu?"

"Sita waliokuja kwangu, na mmoja niliyeolewa naye."

"Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Arash si nyumba ya kumi na moja."

"Nyumba ilimoibwa dawa ni ya nne kwako."

Akakubali hilo. Akaendelea kusoma, akafika katikati, akasimama. "Na hizi mbegu za maboga ni zangu hizi?"

"Ni zako. Zimo kama kielelezo."

"Basi andika kwamba zilikuwa nzima," akasema, na kutia sahihi ya kupokea, tarehe na saa.

Nakala moja ilikwenda na lori hadi kwa laigwanani, msemaji wa rika lao. Niliambiwa ilisomwa bomani, mbele ya wazee, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akigeuza kila sentensi kwa Kimaa na kujifuta jasho. Wanaume walicheka kwenye kifungu cha karai. Baba mkwe hakucheka. Aliomba kifungu cha tatu kisomwe tena, kisha cha tano, akasema kwamba mtu hawezi kusema dawa imeshindwa ikiwa dawa haikunywewa, na kwamba wiki sita si nyingi. Zilipokwisha, hakuna aliyeuliza tena habari za mimi kwenda kupumzika. Ndama mwenye shingo nyeusi alifika Karatu akikokotwa na yule mrefu, na siku hiyo nilimpa chai, vikombe vitatu.

Watu bado huniuliza ipi ilishinda, miti au hospitali. Sijui. Alimeza rangi mbili kwa maji, nikiwa nimesimama mbele yake mpaka nione koo linapanda na kushuka. Aliendelea na gome lake siku za mapumziko. Karai lilikuwa kila jioni. Kiti cha greda nikakishonea mto wa sufi. Nilibadilisha vitu vinne kwa pamoja, nikajidanganya mara nne, na mume akakaa. Baridi ikizidi humrudia kidogo, naye huvuta karai mwenyewe bila kuitwa.

Barua ninayo. Kaboni imefifia lakini inasomeka.

*Kwa Balozi wa Nyumba Kumi,*
*Karatu.*

*Nakala: Laigwanani wa Rika, Arash. Baba Mkwe, kwa kusomewa.*

*Ndugu Balozi,*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA RIKA KWA KUNYWA DAWA YA MGONJWA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*1. Mimi ni mke halali wa mgonjwa. Mgonjwa anaumwa tezi na nyonga, tangu kabla ya masika.*

*2. Nililetewa tuhuma kwamba ugonjwa umetoka kwangu, nikachomwa sindano tano bila kosa. Nitakwenda hospitali kubwa kumwomba daktari aandike kwa mkono wake kile alichokisema kwa mdomo, na cheti nitakileta kiambatanishwe. Naomba sindano zile zitambuliwe kwamba zilikuwa za bure, kwa kuwa kuzirudisha haiwezekani.*

*3. Dawa za hospitali, nusu zilinywewa na maziwa kinyume cha maelekezo, na nusu zilitiwa sufuriani orpul zikanywewa na watu saba kwa siku moja. Kwa hiyo mgonjwa hajatibiwa bado, na haiwezekani kusema kwamba hajapona.*

*4. Silalamikii magome wala supu. Wala silalamikii desturi ya kula pamoja, ambayo ni nzuri. Nalalamikia kwamba ugonjwa hawakuugawana, waligawana dawa tu. Wangechukua kila mmoja sehemu yake ya maumivu, nisingeandika.*

*5. Naomba wiki sita kamili kuanzia siku dawa nyingine zitakapopatikana, funguo za sanduku zikae kwangu, na katika muda huo nisiondolewe nyumbani kwangu wala mtoto asitengwe nami. Baada ya hapo nitakuwa tayari kujibu swali lolote.*

*6. Naomba rika litoe ndama mmoja kwa ajili ya dawa walizokunywa.*

*7. Kielelezo: kopo moja lenye mbegu za maboga. Mbegu ni nzima.*

*8. Kuhusu ombi lililotolewa sebuleni kwangu na mmoja wa washitakiwa: karai ni la mtoto, na haliazimwi.*